Dume Mwenye Chapa ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata! Miaka sita namvizia kaka yangu, na leo kajileta mwenyewe, kwa miguu yake, na tai shingoni.

Mkutano wa chama cha wafugaji. Kaka anautaka uenyekiti mwaka huu, basi akasimama mbele ya watu wote kumsifu farasi wake, Jemadari. Eti damu ya ng'ambo. Eti ukitafuta dume kama huyo utachakaza viatu. Picha ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu nikavaa miwani. Kwenye paja la kushoto — chapa ya baba! Nusu duara na mstari chini yake. Kachongesha chuma cha kuigiza, kamchoma farasi wake, ili watu wakumbuke yeye ni mtoto wa nani. Majivuno tu.

Na chapa ile ni yangu. Baba alipofariki kila mtu alikimbilia nyumba na gari. Kwenda ofisi ya mifugo kuandikisha chapa niliachiwa mimi, maana ilikuwa kazi ya kupanga foleni. Jina lililoko kwenye daftari ni langu peke yangu. Kaka hajui, au kasahau.

Nikamrudishia picha. Nikamwambia hongera, kaka, dume zuri. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Cheka tu.

Jumatano, 5 Machi

Niandike sababu, nisije nikalegea.

Miaka sita iliyopita nilianguka nikavunjika nyonga. Miezi mitatu hospitali. Kaka akaja kunisimamia ranchi — kwa wema wake! Narudi na magongo yangu, banda la kwanza tupu. Kipusa hayupo. Kipusa wangu, jike niliyempanda miaka kumi na minne, ambaye akisikia mlango wa jikoni unafunguliwa anaanza kupiga ndoo mateke. Nikauliza yuko wapi. Kaka alikuwa anakunywa chai yangu, kwenye kiti changu. Akasema amezeeka, hazai, anakula bure, nimemuuza. Kwa nani? Kwa mwenye lori la nyama.

Nikamuuliza ruhusa kapewa na nani. Akasema — maneno yake haya, siongezi wala sipunguzi — mnyama ana chapa ya baba, ni mali ya familia, na mkubwa wa familia ni mimi.

Hakusema samahani. Wala siku ile, wala mwaka ule, wala mpaka leo. Alimaliza chai, akaomba sukari zaidi kwa kikombe cha pili! Mimi nimesimama na magongo.

Sasa na mimi nasema hivyohivyo. Mnyama ana chapa ya baba. Asante kwa somo, kaka.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi ofisi ya mifugo. Karani kafunua daftari, kapuliza vumbi, kaniambia mama, hapa hakuna ubishi, mwenye chapa ndiye mwenye mnyama. Karatasi ikagongwa muhuri. Nikatoka pale natembea kama msichana, nyonga haiumi hata kidogo.

Mchana nikaenda kituoni. Kituo nilikijenga mwaka niliotupa magongo, kwa ajili ya watoto wasio na nguvu miguuni. Mimi mwenyewe nilirudishiwa mwendo na farasi, si na dawa. Watoto kumi na wawili leo uwanjani, kila mmoja juu ya farasi mpole, wauguzi pembeni wameshika miguu. Nikamwambia mwalimu mkuu nawaletea zawadi. Jemadari! Akajishika kichwa. Mama, yule wa kwenye maonyesho? Huyohuyo. Akasema una roho nzuri, mama, sijapata kuona. Halafu akasita. Dume hawezi kukaa na watoto, atawaua. Lazima ahasiwe kwanza, na sahihi ya kuhasi iwe ya mwenye mali.

Nikamwambia nalijua hilo.

Nililijua kabla sijatoka nyumbani. Ndiyo utamu wenyewe! Fahari ya kaka, anayeletewa majike kutoka kila pembe, atembee polepole kabebeshwa mtoto wa miaka saba, akila karoti. Watu wananiita mama wa huruma. Zahanati niliyowajengea, ndiyo, ilitoka moyoni. Bweni la wasichana pia. Hii imetoka kwenye nyongo.

Jumamosi, 8 Machi

Leo siku ya wazi ya chama. Mahema, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga mluzi. Nikaomba dakika mbili. Nikasema kwa niaba ya familia yetu, na kwa heshima ya chapa ya marehemu baba, natoa Jemadari kwa watoto wa kituo. Nikainua karatasi yenye muhuri.

Makofi! Akina mama wakapiga vigelegele. Na kaka mstari wa mbele, mgombea wa uenyekiti, angefanya nini? Alipiga makofi. Nilimhesabia: sita. Mikono inagongana, macho yamekauka. Mwenyekiti anayeondoka akamshika bega akasema familia yenu ni ya kuigwa. Kaka akasema ahsante. Nilitaka kucheka nikajitia nakohoa.

Jioni wifi kapiga simu. Analia. Wifi, kaka yako hali chakula tangu arudi. Wifi, umemfanyia nini mwenzako. Nikamwambia mwandalie chai, wifi, chai anaipenda.

Nimekula vizuri sana leo.

Jumatatu, 10 Machi

Kamleta. Nilitegemea atamtuma dereva — kamleta mwenyewe, anamvuta kwa kamba kutoka barabarani. Kwa mguu! Viatu vyeupe kwa vumbi.

Hakunisalimia. Kaanza kutoa maagizo kama yuko kwake. Usimlishe majani mabichi asubuhi, anavimba tumbo. Haogopi nyoka ila anaogopa mfuko wa plastiki. Ukimtandika anza kulia, kushoto anauma. Hapati usingizi mpaka asikie redio. Nikamuuliza redio ya nini. Akasema taarifa ya habari. Nikamwambia kituoni hakuna redio. Akamkwaruza chini ya taya, akaondoka, hakugeuka nyuma. Shingo ngumu, kama baba. Kama mimi pia, lakini mimi nina haki.

Baadaye nikamwita Mzee Kwato amkate kucha. Huyu ndiye saisi wangu wa miaka yote. Amewatunza farasi wa baba, amewatunza wangu, jina lake mwenyewe watu wameshalisahau. Kashika mguu wa mbele wa kushoto, kauweka magotini, kisha akasimamisha kisu. Hakati. Nikasogea niangalie. Ukwato umepinda kwa ndani, umejikunja ukingoni kama kikombe. Nimewahi kuona ukwato kama huo mara moja tu maishani mwangu. Nilikuwa nausafisha kila asubuhi kwa miaka kumi na minne.

Nikasema, mzee. Akasema, mama. Nikasema, huyu farasi katoka wapi?

Akauweka mguu chini. Akasema, mama, hukuwahi kuniuliza.

Jumanne, 11 Machi

Ni mwana wa Kipusa.

Siwezi kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Haya. Kwa utaratibu, kama Mzee Kwato alivyonieleza.

Mwenye lori hakumchinja. Alimpapasa tumbo akajua ana mimba. Kumbe dume la jirani lilikuwa limeruka uzio kabla sijaanguka, na sisi sote tunamwita tasa! Akamrudisha kwa kaka, akasema kama unamtaka mtu na mwanawe, mnunue. Kaka akamnunua. Akamweka kwake, nyuma ya ghala. Kipusa akakaa pale miezi minane.

Miezi minane! Mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa. Mimi nakaa nje ya banda tupu nalia kama mjane, yeye anampa Kipusa wangu maji! Mzee Kwato akienda kila mwezi kumkata kucha, anarudi hapa, ananisalimia, anakula ugali wangu. Nikamuuliza ulinifichia nini. Akasema kaka yako aliniapisha. Alisema atakuambia mwenyewe, atakuletea jike na mtoto pamoja, ufurahi. Kila mwezi akasema mwezi ujao. Kipusa akazaa alfajiri, kufika saa nne akawa amekufa. Baada ya hapo, mama, atakuambia nini?

Akamlea mtoto kwa chupa. Kaka! Ambaye hajawahi kumbeba hata mwanawe mwenyewe. Alilala kwenye majani wiki tatu, na redio.

Na chapa? Si majivuno ya kaka. Ni Mzee Kwato. Alichukua chuma cha kweli kabatini kwangu, akamchoma, akakirudisha. Akasema mtoto wa Kipusa hawezi kukaa na paja tupu. Sikujua nimpige kofi au nimkumbatie. Nimemfukuza. Mchana nikamtuma mpishi akamrudishe.

Sijamsamehe mtu yeyote. Niandike tena: sijamsamehe. Aliyeficha ni mwizi vilevile. Alinipa kilio cha bure miezi minane, kisha akanipa cha kweli bila kunijulisha. Hasira yangu leo ni kubwa kuliko ya juzi.

Lakini daktari wa kumhasi anakuja Ijumaa. Nikitia sahihi, Kipusa amekwisha. Kwa mkono wangu. Jemadari hajazalisha jike hata moja mpaka sasa, nimeuliza. Majike wameletwa watatu, wote wamerudi matumbo matupu. Hakuna tone lingine la damu yake duniani.

Nisipotia, nitasema nini kwa mwalimu mkuu, kwa chama, kwa watoto? Na kaka atamchukua Jemadari wake, atarudi kwenye kiti chake, atakunywa chai. Bila neno. Hapana! Hapana kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mpishi asipokee simu ya wifi. Kisha nimekaa karibu na simu siku nzima. Haikulia.

Ijumaa, 14 Machi. Saa tano asubuhi, chumba cha matandiko

Naandika humu ndani, wao wako nje. Daktari wa mifugo kafika na sanduku lake. Mwalimu mkuu kaja, kavaa vizuri. Na kaka yupo. Hakuitwa. Kaja akasema Jemadari akishikwa na mgeni atashtuka atajiumiza, nitamshika mimi.

Nikamvuta kando. Nikamwambia najua ni mtoto wa nani. Hakukana. Akasema nilijua utajua siku utakayoshika miguu yake. Nikangoja. Nikamwangalia usoni, nikampa nafasi, jamani, nilimpa nafasi pana ya kupitisha trekta! Nikamwambia, kaka, huna la kuniambia? Akatazama viatu vyake. Akasema, tia sahihi, mdogo wangu, jua linapanda, atatoka jasho.

Basi nimeingia humu na karatasi. Iko hapa, chini ya daftari hili. Kalamu ndiyo hii.

Samahani moja tu. Sitaki apige magoti, sitaki aseme mbele ya chama. Aseme hata kwa kunung'unika. Nitaichana karatasi, nitakinunulia kituo farasi wapole watatu, nitamwachia Jemadari wake na redio yake. Naapa. Mwenyewe nimejishangaa kuandika hivyo.

Daktari kagonga mara ya kwanza. Nimemwambia bado nasoma.

Kagonga tena. Anasema sindano ya kumtuliza imeshaingia, mama, ina muda wake.

Namwona kaka dirishani. Jemadari kainamisha kichwa, miguu inalegea. Kaka kaegemeza paji la uso shingoni kwake. Midomo inacheza. Anamwambia kitu. Anarudia. Tena. Farasi anaambiwa! Neno gani hilo fupi namna hiyo? Kama ni lile, si la farasi — ni langu, nimelingoja miaka sita!

Nimefungua dirisha. Upepo unapeleka maneno yote upande wa pili. Nimemwita, kaka! Kaniangalia. Kafunga mdomo.

Sema. Wewe mtu, sema tu. Daktari anavaa glavu, mwalimu anakuja huku mlangoni, na mimi nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu