Kijani Kwenye Ramani

Jumatano, Julai 1996

Na si eti nilibanwa kusema! Mwenyewe nilimwahidi mke wangu kwamba leo nitaiona nyumba yetu kwenye ramani. Mdomo wangu huu.

Tumeshinda mjini tukitundika ramani za Nairobi, za tangu zamani hadi leo, kwa ajili ya maonyesho. Ya kwanza ni reli na vibanda tu. Kila inayofuata, mji umenona. Mimi niliyefika hadi Kampala nikaisoma ya mwisho kama gazeti. Mitaa ya jirani yote iko: Gatina iko. Olympic iko na barabara zake. Hapa mtaani kwetu Kisumu Ndogo, kijani tupu.

“Sista, hii kijani ni nini?” nikamuuliza msichana anayetusimamia.

“Hapo ni msitu, mzee.”

“Basi mimi ni nyani mwenye redio!”

Wote wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Kufika nyumbani, sijavua hata viatu, mke wangu Akinyi akauliza, “Umetuona?”

“Tuko, mama. Tumekaa chini ya miti, kwenye kivuli.”

Hakucheka. “Na wakija kufyeka hiyo miti, watauliza kama kuna watu?”

Mimi, niliyewahi kumjibu hata chifu, nikainama kuvua viatu. Sasa Akinyi amelala. Nimechoka, ila kesho nitamuuliza yule msichana swali hilo hilo.