Vanila Katika Ubani wa Hooyo

Garissa,
Jumatano, baada ya Alasiri

Kwako dada yangu, Abaayo Weris,

Assalaam aleikum warahmatullah. Ningekujulia hali kama ada, lakini sijui mtu aliyekwisha kusaliwa sala ya maiti huulizwaje hali yake. Sisi huku tu wazima, isipokuwa baba yetu, Aabo, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Tangu lori mlilopanda wewe na Bishar lisombwe na mto Daua karibu na Rhamu, ukapatikana mtandio wako tu, nyumba hii haijatulia. Mama yetu, Hooyo, hakumaliza mwaka. Tulipomzika, Aabo alifunga chumba cha Hooyo, akaziba dirisha kwa matofali, na ufunguo akautundika shingoni. Kisha mwezi wa Rajabu harufu ikaanza. Jua likiwa bado kali na kila mtu amejilaza, uunsi wa Hooyo unanukia kutoka chumbani, ule ubani aliokuwa akiupika na sukari na miski. Aabo akifungua, hakuna mtu. Chetezo kiko pale pale mkekani, na majivu yake yana moto.

Shangazi Amino alisema ni jini, akahamia kwa mwanawe huko Kotile. Aabo hakutaja jini. Alisema ni Hooyo amekuja kumdai mtoto wake, kwa sababu yeye Aabo ndiye aliyekufukuza ulipotaka kuolewa na Bishar, akatamka kwamba kwake umeshakufa, hata kabla ya mto. Sasa hali chakula. Anakaa mlangoni akimwomba Hooyo msamaha, na amekonda hadi naogopa kumtazama.

Mimi, mwanakemia wa kujidai, nikataka kumwonyesha kuwa ni masalio ya zamani tu yanayopashwa na joto la Garissa. Nilichukua punje isiyoungua kutoka kwenye chetezo, na nyingine kutoka kwenye kopo la Hooyo, nikaenda nazo maabara ya chuo, Nairobi. Mashine moja huvunja chembe za kitu vipande vipande na kuvipima uzito. Nyingine hupitisha miale ya infraredi na kuonyesha ipi imemezwa. Michoro ya punje zote mbili ililaliana kilele kwa kilele, nikaanza kutabasamu. Kisha kwenye punje ya chetezo nikaona kilele ambacho punje ya Hooyo haina: uzito 152, na jirani yake 151 anakaribia kimo kile kile. Infraredi nayo ilikuwa na bonde, yaani miale iliyomezwa, karibu na namba 1670. Mwalimu wangu Bare alikitambua papo hapo. Ni vanila, akasema, ile ya keki. Miski iliificha isitufikie puani.

Abaayo, Hooyo hakutia vanila hata siku moja. Ni wewe uliyekuwa ukiiba kichupa jikoni na kudondosha matone ukidhani hakuoni, naye akigomba kwamba unamharibia uunsi wake. Mimi moshi ulinipigisha chafya, sikufundishwa kitu. Hakuna mwingine anayepika hivyo.

Kwa hiyo si Hooyo, ni wewe. Lakini mashine hutaja kitu tu, haisemi kama aliyekishika anapumua, na dirisha lile bado ni matofali. Naogopa, sikufichi.

Nilimweleza Aabo nikitaraji atapata nafuu. Aliinuka pale mlangoni. Kisha akavua ufunguo shingoni, akafungua mlango wa chumba, akauwekea jiwe usijifunge.

"Mwandikie," akaniambia. "Mwambie mlango uko wazi, na wa mbele pia."

Basi ukiwa hai, acha kupita unakopita. Ingia kwa mbele kama mtoto wa nyumbani, na Bishar, kama uko naye, aje. Na kama hu hai, tumekusikia, dada yangu. Pumzika, ili Aabo naye apate kulala.

Pokea salamu za Aabo, na za shangazi ambaye hajui kama anakusalimu. Barua hii naiacha chini ya chetezo, pamoja na kichupa kipya cha vanila. Chako lazima kimekaribia kwisha.

Wasalaam, mdogo wako akupendaye,
Iftin Abdow