Mwami Amepata Kazi

Louisville, Jumapili

Sikudhani mume wangu angethubutu. Kila mwezi watu wetu huku Marekani, wa hapa, wa Columbus na wa Buffalo, wanachanga pesa za kututunza, kwa kuwa yeye ndiye mwami, amerithi ufalme wa baba yake kule Kongo. Wanazitoa kwenye mishahara ya kiwandani. Mimi nazila kwa aibu.

Leo baada ya ibada amewaambia, "Bon, msichange tena. Nimepata kazi ya kupakia maboksi kiwandani kwenu."

Mzee Bahati, anayekusanya michango, alifunga daftari lake. Halafu akasema, "Basi kesho nitakupitia na gari, Mwami. Utakaa mbele."

Naogopa mgongo wake, hajazoea kubeba. Lakini chakula cha leo kimepita kooni vizuri.