Uliondoka Butoyi Akiwa Amelala

Mpendwa Mama Butoyi,

Usishtuke kupata barua. Simu nimeiogopa. Kila ukipiga unaanza na msamaha uleule, kwamba uliondoka bila kumuaga mtoto, nami kila mara nakujibu, "Yaishe, dada, yamepita." Hayajapita. Na anayetakiwa kuomba msamaha si wewe. Ngoja nianze mbali kidogo, nijikaze.

Unaikumbuka wiki yako ya kwanza kwenye banda la watoto kule kambini Nyarugusu? Mimi nilikuwa mwajiriwa, nikitoka Kasulu kila asubuhi na mapacha wangu wa miaka mitatu, Bukuru na Butoyi. Wewe ulikuwa Mapendo tu, mkimbizi kutoka Fizi, umekuja kusaidia kulea. Akina mama walikuwa wanakupita na watoto wao, wanakuja kuwapanga mbele yangu. Mmoja akasema nawe unasikia, "Huyu hana mutoto. Atajuwa kulea?" Ukainama ukamfuta mtoto pua ambayo haikuwa na kamasi. Iliniuma. Nikapaza sauti ya sokoni: "Huyu ni Mama Butoyi! Mapacha wawili, mama wawili. Mimi wa Bukuru, yeye wa Butoyi." Nilisema kwa hasira tu, wala sikufikiri. Wiki haijaisha, kila mtu alikuwa anakuita hivyo, na watoto wanagombea mgongo wako.

Tulikula sahani moja, wewe na sombe lako la majani ya muhogo, mimi na maharage ya mama yangu kutoka Kitanga, ukinicheka kwamba sisi Waha hata harusini tutadai maharage. Butoyi akaanza kuongea Kiswahili chako. Nikimwogesha nyumbani anagoma, ananipigia kelele, "Maman, minakatala!" Bibi yake akauliza tunalea mtoto wa nani. Nilicheka. Mbele za watu nilicheka.

Halafu ile siku alipoanguka kwenye bembea. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akainuka na goti lake linalovuja, akanipita, akakimbilia kwako. Ukampuliza goti ukaniambia, "Usiogope, maman, ni damu kidogo tu." Mimi sikuwa naogopa damu.

Jina lako lilipotoka kwenye orodha ya kwenda Marekani, ulinishika mkono ukauliza, "Mutoto nitamuambia nini?" Nikakujibu haraka mno. "Usimwambie kitu. Ondoka akiwa amelala mchana. Akikuona unapanda basi atateseka." Uliniamini, maana mwenye semina na cheti nilikuwa mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Niliogopa atakulilia kilio ambacho hajawahi kunililia mimi, na watu wote waone.

Aliamka, Mapendo. Akakutafuta nyuma ya mikeka, akakutafuta jikoni kwenye uji, akarudi akakaa mlangoni. Hakulala tena mchana bandani. Wenzake wakilala, yeye anakaa pale mlangoni akinichunga nisiondoke. Nami nikamwacha aamini kwamba ulimkimbia. Miaka sita nimemwacha hivyo, na wewe nimekuacha unaomba msamaha.

Sasa niko Kibondo, nafundisha chekechea si mbali na soko. Naamkiwa "mwakeye, mwalimu" na nusu ya mji, lakini rafiki wa kazini sina. Mwalimu mwenzangu akimzoea mwanangu kidogo tu, natafuta sababu ya kumwita mtoto. Ulinifundisha kazi hii, nikajifunza vibaya.

Na wewe uko huko unalea watoto wa watu wanaokuita Mapendo basi. Mwezi uliopita uliniambia kwamba mtoto akihama huambiwi, unaona tu leo hakuja. Ukasema, "Mama Bukuru, huku naogopa kuwapenda." Wewe! Uliyekuwa unabeba mmoja mgongoni na mwingine kiunoni huku unakoroga uji! Nilikata simu nikakudanganya kwamba mtandao umesumbua. Nilikuwa nalia.

Basi Jumamosi nikamwambia Butoyi. Tulikuwa tunachagua maharage. Ana miaka tisa, anakuzidi kwa ukaidi. Nikamweleza yote, hata wivu nikautaja kwa jina lake. Hakuinua uso.

"Kwa hiyo hakunikimbia?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemwambia aende ukiwa umelala."

Akaendelea kuchagua mpaka ungo ukaisha. Hakunikumbatia, usije ukajitungia picha nzuri. Tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo" na "hapana," na chai yangu anaiweka mbali nami. Ni haki yake. Na wewe ukikasirika, ni haki yako pia. Najua nilichokuchukulia. Jina nililokupa mbele ya watu nilijaribu kukunyang'anya watu wasione.

Leo mchana amenikuta na karatasi hii. Akasimama nyuma yangu akasoma mstari wa juu, ule wenye jina lako. Kisha akauliza, "Huwa anapiga saa ngapi?" Nikamwambia kwamba unapiga watoto wa huko wakipumzika mchana, na huku inakuwa usiku, yeye na Bukuru wameshalala. Sikumficha na hili: saa hiyo niliichagua mimi. Nikarudi kuandika. Nikadhani ameondoka.

"Mwambie apige nikiwa macho."

Basi piga Jumapili, tukishatoka kanisani, saa nane mchana ya huku. Najua kwako ni alfajiri na baridi. Amka hivyohivyo, Mama Butoyi. Simu sitaishika mimi.

Nakupenda, na nimekukosea.

Mwenzako wa mapacha,
Mama Bukuru