Maji ya Uzi Mweusi

Shangazi yangu mpenzi,

Nashika miguu yako. Barua hii niliianza kwa Kiarabu, kama nilivyofundishwa chuoni, nikajaza nusu ukurasa kwa dua na sifa, mpaka nikaona kwamba najificha nyuma ya maneno makubwa. Nikaichana. Hii naiandika kwa Kiswahili chetu cha uani, kwa herufi zilezile, ili wewe usipate taabu kuisoma na mimi nisipate pa kukimbilia.

Kwanza habari njema. Kaka ameoa. Bibi harusi ni mcheshi, ameshaanza kumwigiza Baba anavyokoroma, na Baba anajifanya hasikii. Sote hatujambo. Mawaridi yako yametoa maua mengi kuliko mwaka jana, lakini tangu uhamie Unguja kwa mwanao hakuna anayeyaendea na kikapu. Wanawake wanachuma moja moja, wanatia kwenye nywele, basi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiyachuma? Alfajiri, kabla jua halijayagusa, wewe mbele, mimi nyuma, kaniki yangu imelowa umande mpaka magotini. Hukutaka tuzungumze wakati ule, nami niliipenda kazi ambayo kunyamaza ndiyo adabu yake. Watu wengine wote waliniuliza kwa nini sisemi. Wewe ulinipa kikapu.

Kisha chungu cha shaba. Maua na maji ndani, kifuniko juu, mwanzi wa kupeleka mvuke hadi kwenye mtungi uliokaa ndani ya beseni la maji baridi, na unga wa ngano uliokandwa kuziba kila mwanya. Moto ulikuwa wa vifuu vikavu vya nazi peke yake. Makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, hukuyataka hata karibu. "Yana moshi," ulisema, "na maji ya waridi yakishika moshi hayauachi." Maji ya kwanza kutona uliyafungia uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa, ya pili uzi mweupe, na chupa zote zikakaa juani siku arobaini.

Halafu ikaja siku niliyoipenda kuliko Idi, siku ya kuonja. Vikombe vya kahawa vyenye maji ya kisima, tone moja kila kikombe, na kipande cha muhogo wa kuchemsha katikati ili ulimi usahau. Uliniuliza, "Hii na ile, ipi iliyotulia?" Mimi nikaonyesha kwa kidole. Ukacheka. "Una ulimi, mtoto wewe, ingawa huutumii."

Sasa nifike penyewe, maana nimeshazunguka vya kutosha.

Mara ya mwisho tulipopika, uliniachia moto ukaenda kumpa pole jirani. Uliniambia nisiondoke. Sikwenda mbali, Shangazi. Wasichana wa mtaa walikuwa wakijifunza nyimbo za harusi upande wa pili wa ua, na mimi niliyeona haya kwenda kukaa nao nilibandika sikio kwenye makuti, nikiimba kimoyomoyo. Niliporudi, moto ulikuwa majivu na vifuu vimekwisha. Nikaingiwa na hofu. Nikakumbatia makumbi yaliyolowa umande, nikayasukuma yote chini ya chungu. Moshi ulipanda kama wa shamba linalochomwa. Unga ukapasuka pale mwanzi unapoungana na kifuniko, moshi ukaingia. Nikakanda unga mwingine huku nalia, nikaziba. Uliporudi macho yangu yalikuwa mekundu. "Moto wa leo mkali," ukasema, ukanifuta uso kwa ncha ya nguo yako. Pale ndipo ningesema. Sikusema.

Siku arobaini zikapita, ukaonja. Hukukunja uso. Ukala muhogo, ukaonja tena, ukala muhogo, ukaonja mara ya tatu. Kisha ukachomoa uzi mweusi kwenye pindo la nguo yako, rangi ambayo hatukuwahi kuitumia, ukazifunga chupa zile. Ukamwambia Baba, "Moto wangu ni wa vifuu. Nikisikia moshi, basi ni ulimi ulioharibika, au mkono. Yote mawili ni uzee." Chungu kikapinduliwa ghalani, na kabla ya mwezi kuisha ukahamia Unguja.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Ulimi uliousifu nilikuwa nao mdomoni.

Juma lililopita, kabla ya harusi, fundi wa halua alikuja kuchagua maji ya kutia kwenye halua. Ni yule yule Mwinyi Kondo, mnene kuliko ulivyomwacha. Chupa zako zilizosalia ni saba, na Baba anazilinda kama macho yake. Akakubali zifunguliwe tatu tu, moja ya kila uzi, tuonje kwa taratibu yako. Tukakaa uani, Baba, fundi, na jirani yetu Bi Zume ambaye hakuna aliyemwalika. Mimi nilimimina.

Mwinyi Kondo akaonja ya uzi mwekundu, akafumba macho. "Huyu ni bibi harusi aliye ndani bado. Mzuri, lakini hajaonana na watu."

Bi Zume akachukua ya uzi mweupe. "Na huyu ni mama mkwe. Anaingia taratibu, halafu haondoki."

Baba alicheka mpaka muhogo ukampalia.

Ikafika zamu ya uzi mweusi. Mwinyi Kondo alinyoosha kikombe nimwongeze, jambo ambalo hakulifanya kwa zile mbili. "Unasikia waridi," akasema, "halafu nyuma yake kuna mtu yuko jikoni. Hii ndiyo nitakayotia. Bibi yule aliifanyaje?"

"Alikosea," Baba akajibu polepole. "Hiyo ndiyo iliyomwondoa dada yangu. Na huko aliko haonji tena chakula. Anapika, halafu anamwita mkwewe aje aonje chumvi."

Sikuwa nayajua hayo. Wewe, Shangazi, uliyekuwa ukinywa maji ya mtu na kumwambia yametoka kisima gani. Nikaweka chupa chini.

"Hakukosea," nikasema.

Bi Zume akageuka kuangalia mlango, aone nani ameingia.

"Ni mimi. Nilitia makumbi. Yenye umande."

"Kumbe lina sauti," Bi Zume akasema. "Miaka yote hii nilidhani naamkiana na mtungi."

Mwinyi Kondo yeye alitaka kujua kazi tu. "Makumbi mangapi?"

"Sijui. Nilikuwa nalia."

"Hayo ndiyo mabaya," akasema, akanisogezea kikombe chake. "Siku nyingine ulie baada ya kuangalia."

Nikasimulia yote, mpaka nyimbo za harusi nilizozisikiliza kupitia makuti, na Bi Zume akanitaka niimbe mojawapo, nikakataa. Baba hakucheka. Akasema, "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, kwa mkono wako."

Halua ilipikwa kwa maji yale. Wageni waliotoka Mapinga walikula, wakauliza, wakafungiwa nyingine kwenye majani ya mgomba. Na kwa kuwa leo nasema kweli, nikuambie na hili: waliposifu, nilifurahi. Nilijilazimisha nione aibu, haikuja. Ilikuja nilipokufikiria wewe umesimama jikoni kwa watu, kijiko mkononi, unaita mtu.

Nakuletea chupa mbili kwa mkono wa binamu yangu anayevuka keshokutwa. Moja ni ya uzi mwekundu, nzima. Nyingine ni ya uzi mweusi, nusu, usimlaumu aliyebeba, nusu ile iko matumboni mwa wageni. Utausikia moshi kwa sababu moshi ulikuwemo. Siku ile ulimi wako ulisema kweli, na katika nyumba nzima mimi peke yangu nilijua, nikakuacha uondoke.

Nikasirikie utakavyo. Ukitaka kuja kunikasirikia hapa hapa uani, itakuwa bora zaidi, chungu nimekisugua kwa ndimu na mchanga na hakuna atakayekiwashia moto ila wewe uwepo. Ila kuna jambo moja lisingoje chupa, wala safari, wala kunisamehe. Leo chakula kikiwa motoni, usimwite mkweo. Onja mwenyewe, na chumvi ikiwa imezidi, waambie.

Ni mimi,
binti wa kaka yako