Konokono wa Mkono wa Kushoto

Tarehe 4 Februari

Wewe Kiroboto,

Miaka miwili na nusu! Shikamoo zako zinakuja kwa simu, na marahaba zangu nimezirundika humu ndani hadi sina pa kuketi, mwenyewe huji kuzichukua. U mzima? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula?

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yanalalamika lakini yanatembea. Anayeniandikia ni fundi saa wa mlango wa pili, maana unajua bibi yako shule aliiona kwa nje tu. Nimemwambia aandike kila ninachotamka, hata matusi. Anasema matusi atayaandika kwa herufi ndogo.

Sasa sikiliza. Ule mtetemeko uliouacha mdogo umekua. Chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Sindano inakwenda huku, uzi unakwenda kule, kama watu waliogombana. Mafundi cherehani wa mtaa mzima walikuwa wakiniletea makoti niyashonee matundu ya vifungo. Siku hizi wanapita wananisalimia kwa huruma. Huruma! Mimi!

Na lile koti lako jeupe la udaktari nililoanza ulipohitimu, bado liko msumarini. Matundu matatu tayari, mawili bado. Nikilitazama, linanitazama.

Si wewe ndiye daktari wa vichwa? Haya, nisaidie.

Ni mimi,
Bibi yako

Tarehe 20 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimechapwa na nimestahili. Mimi mzima, na leo nimekula mezani, nimeketi kabisa. Msalimie fundi saa, mwambie herufi ndogo nimezisoma zote.

Bibi, mkono wako hauna kosa. Kosa liko kichwani, usinune, mahali padogo kama punje ya haragwe. Hapo seli zimeshikwa na mdundo mmoja usiokoma, na mkono unaucheza. Sisi tunapitisha waya mwembamba hadi hapo, tunauunga na betri ndogo chini ya ngozi ya kifua, na umeme kidogo unauvuruga ule mdundo. Mkono unatulia.

Kazi ni kupafikia. Zamani walipapasa, wakapenyeza waya mara tatu, mara nne. Utafiti wangu ni kuzisoma picha za ubongo kabla ya siku yenyewe, hadi njia ionekane, waya uingie mara moja tu. Daktari mkuu wa hapa anasema nasoma mawingu. Wagonjwa saba wametulia. Anasema saba ni bahati. Nafasi iliyobaki ni moja, ya mgonjwa wa nane.

Nikuombee? Upasuaji ataufanya mwalimu wangu. Kwa kuwa wewe ni damu yangu, mimi siruhusiwi kugusa faili lako hadi utakapokubaliwa, atakupima mwenzangu. Fundi saa ajaze fomu hii, nawe uchore mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama nyumba ya konokono. Wachore watatu, mmoja kila wiki, uwatume kwake moja kwa moja. Kwa hao ataona mkono unavyotetemeka.

Mjukuu wako,
Kiroboto

Tarehe 15 Machi

Kiroboto,

Hujambo? Sisi huku wazima, ila fundi saa ana mafua na anapiga chafya juu ya barua yako.

Konokono wako tayari, tumewatuma. Nimewachora kwa adabu zote, nikanawa kwanza. Penye umri nilisema aandike "wa kutosha," akakataa. Ananiringia kwa kuwa ana kalamu.

Naogopa? Naogopa. Kichwa hiki nimekaa nacho miaka sabini na moja bila mtu kukitoboa. Lakini naogopa zaidi kuondoka duniani na koti la matundu matatu.

Bibi yako

Tarehe 2 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Wamekukataa.

Mwenzangu ameniruhusu nikwambie sababu: konokono wako hawatetemeki vya kutosha. Sielewi. Kwenye simu nasikia kikombe kikigonga kisahani. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi huu. Nisamehe, Bibi. Usimgombeze fundi saa.

Kiroboto

Tarehe 11 Mei

Wewe!

Salamu baadaye. Hawatetemeki? Nilimfanya fundi saa aisome barua mara tatu. Kisha akanitazama.

"Mama, wale konokono uliwachora kwa mkono gani?"

"Wa kulia! Karatasi inakwenda kwa madaktari, nitaishikaje kwa kushoto? Nimelelewa mimi!"

Akavua miwani. "Na kushona je?"

"Kushoto, tangu nizaliwe. Miaka yote huoni?"

"Mama wee! Umewapelekea mkono wa kusalimia!"

Na kwenye fomu, palipoulizwa ninaandika kwa mkono gani, akajaza kulia, kwa kuwa ndio aliouona ukishika kalamu yake. Tulicheka hadi saa za ukutani zikaona aibu. Kisha nikalia kidogo. Hilo usiandike, fundi. Ameandika.

Haya, konokono wa kushoto huyu hapa. Ametoka nje ya karatasi akapanda mezani. Mpe mwenzako, na umwambie: mtu ambaye hajasoma haulizwi anaandika kwa mkono gani. Aulizwe sindano anaishika kwa upi, kisu cha vitunguu kwa upi, ufunguo kwa upi.

Bibi yako, mwenye mikono miwili

Tarehe 25 Mei

Bibi, Bibi, Bibi!

Shikamoo mara kumi. Umekubaliwa!

Mwenzangu alipomwona konokono wako alishika kichwa. Ujue, upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kushoto. Kama wangekupokea kwa wale wa kwanza, waya ungeingia upande usio wako, tukautuliza mkono wa kupokea wageni, na wa kazi ukabaki unacheza.

Fomu imebadilishwa. Sasa inauliza sindano, kisu na ufunguo, maneno yako hayo hayo. Wamewapigia simu walio kwenye orodha ya kungojea upasuaji wa kawaida, na tayari amepatikana mwashi aliyejibu kama wewe. Na mimi, niliyelelewa kwenye goti lako ukishona kwa kushoto, sikuwaza kuuliza!

Upasuaji ni tarehe 16 Julai. Utakuwa macho, ngozi itatiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mimi nitakuwa nyuma ya kioo na picha zangu.

Kiroboto wako

Tarehe 30 Agosti

Kiroboto wangu,

U mzima? Mimi sijui niseme mzima au mpya. Kidonda kimefunga, nywele zinaota kama za mtoto.

Fundi saa hachoki kunisimulisha siku ile, basi na wewe utaisikia, maana ulikuwa nyuma ya kioo, hukuuona uso wangu. Mwenzako aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia, wewe umewahi kunyolewa na watu sita? Daktari mkuu alisimama pembeni, mikono kifuani, kama mtu anayengoja bidhaa mbovu airudishe dukani. Halafu sauti yako ikatoka kwenye spika: "Mwalimu, hapo. Hapo hapo." Mara moja! Hawakutafuta tena.

Wakawasha. Vidole vikafa ganzi kidogo, kisha mkono ukanyamaza. Mjukuu wangu, sikujua ulikuwa unapiga kelele hadi uliponyamaza.

Nikasema, nipeni sindano. Nesi akaja na ya dawa! "Ya uzi, mwanangu, ya uzi!" Wakanipa kalamu. Nikaishika kwa kushoto mbele ya wakubwa wote, nikamchora konokono, akazunguka taratibu, hakuyumba popote. Daktari mkuu akamfuata kwa kidole hadi mwisho. Akasema, "Haya si mawingu." Akakuomba umwonyeshe picha zako upya, tangu ya kwanza. Nilimsikia. Ganzi ilikuwa ya ngozi, masikio yalikuwa yangu.

Jana nimemaliza koti. Tundu la nne lilichukua asubuhi nzima. La tano nilijichelewesha makusudi, sikutaka liishe. Fundi saa amelikagua kwa ile lenzi yake ya jichoni, akatafuta kosa, akakosa. Na mafundi cherehani wameanza kuniletea makoti, hakuna anayenihurumia. Mmoja nimemrudisha, amekata vibaya.

Sasa usiniambie tumeshaonana. Hospitali haihesabiki, pale mimi ndiye niliyekuja. Sasa zamu yako. Njoo na vifungo vitano vizito, usiniletee vya plastiki. Mlangoni usisimame ukiangalia saa, wa saa yupo tayari. Ingia, weka mzigo chini, na ukinisalimia, nipe mkono wa kushoto. Adabu tutairudisha baadaye.

Bibi yako
(na konokono huyu hapa chini nimemchora mwenyewe, fundi saa hajagusa)