Hodi ya Kantoni

Baba mpendwa,

Hamjambo huko Mbooni? Embe zimeiva? Ile Kantoni uliyotufundisha darasani siku hizi inaitwa Guangzhou. Mvua ya huku hainyeshi, inaning'inia tu hewani.

Leo nilitembea kando ya mto, pale meli za Waingereza zilipoleta afyuni ili ziondoke na chai. Unakumbuka? Kitabu cha historia kilisema bandari za China "zilifunguliwa." Ukapiga ubao ngumi mpaka chaki ikaanguka: "Andikeni zilivunjwa! Walikuja na mizinga, hawakupiga hodi!"

Basi nikafika kwenye duka la chai, na bila kufikiri nikaita, "Hodi!" Akatoka mzee mmoja akicheka, akanivuta ndani, akanimiminia chai isiyo na maziwa wala sukari. Wewe ungeitema. Mimi nilikunywa vikombe vitatu.

Nilipoondoka, mzee alidhani neno lile ni la kuagana. Akasimama mlangoni akipunga mkono: "Hodi! Hodi!" Nikageuka haraka asione machozi, maana nilikuwa nangoja sauti yako kutoka ndani: "Karibu, mwanangu."

Tunza hicho kifua kinachokusumbua, Baba. Desemba nikipiga hodi, nataka uitikie wewe mwenyewe.

Binti yako,
Mwende